Pishi Haianzi Kati

Usiku wa tisa huu, Limbani, Wete,
juu ya duka la vipuri vya pikipiki,
naandika dereva.
"Wa gari gani, Mize?" kauliza Bi Chumu mwenye nyumba.
Si wa gari, Bi Chumu. Wa kihisi.
Ni maneno yakaayo baina ya chuma na mfumo,
yapokee huku, yakabidhi kule,
yasidokoe njiani.

Kihisi chapata ukucha wa dole gumba.
Nimekichomeka uani, ndani ya karafuu,
kipime unyevu, kiseme: bado, bado,
haya, tieni maguniani.
Badala yake chasema
asilimia elfu tatu na sabini na tatu.
Karafuu gani hiyo? Hata pweza
hana maji kiasi hicho.

Nimebadilisha waya. Nimebadilisha betri.
Nimemshuku panya, nikaushuku umeme,
nikajishuku mwenyewe.
Faki kapiga simu kutoka Chake: "Kwangu inakwenda."
Kwako inakwenda, Faki, kwa kuwa kompyuta yako ni tajiri:
ukiikosea hukusitiri,
hufanya kazi mara mbili na kunyamaza.
Hiki kibao changu cha bei ya kilo mbili za sukari
hakina cha kunisitiria.

Ndipo kumbukumbu
(yangu, si ya kibao)
ikanirudisha Mtambwe, nina miaka minane,
na pakacha kichwani.
Karafuu vibaba vinne, pishi kamili.
Juu yake kibaba kimoja cha makonyo,
nisije nikayasahau.
Karani hakuangalia. Alizamisha pishi mdomoni mwa pakacha,
akapata kibaba cha makonyo na vitatu vya karafuu,
akaandika kitabuni kitu
kisichokuwa makonyo wala karafuu.
Kibaba changu cha nne kikabaki chini, kinanukia.

Nikakaa wima.
Baiti ya kwanza ya bafa ni hali ya kihisi:
moja, maana yake "ni mzima".
Nne zinazofuata ndizo unyevu.
Na prosesa, kama yule karani, huchota nne nne,
kuanzia sifuri, kuanzia nne, kuanzia nane;
kuanzia moja haijui.
Nikachukua bahasha ya bili ya maji.
Elfu tatu na sabini na tatu,
toa moja, hiyo ya makonyo,
gawa kwa mia mbili hamsini na sita:

kumi na mbili.

Kumi na mbili! Zimekauka.
Kihisi hakikusema uongo hata usiku mmoja.
Mimi ndiye niliyekuwa nikikidaka kati ya neno.

Dawa yake ilikuwa utupu:
baada ya ile moja, baiti tatu za bure,
unyevu upate kuanza penye nne.
Faki hakupenda. "Memori yenyewe kiganja,
nawe waacha tatu tupu? Israfu."
Sikubishana naye. Nikamwachia ubeti juu ya msimbo,
mahali ambapo lazima aupitie:

    Vibaba vitatu hivi, vi vitupu kwa hiari,
    Usifute vivi hivi, kwa kudhani u mahiri,
    Chombo hiki si mlevi, nne nne ni amri,
    Acheni hapo papwaye, namba ifike vizuri.

Kisha nikashuka uani na tochi.
Wingu limeshakaa upande wa Mtambwe.
Bi Chumu yuko macho, kalishika jamvi kwa ncha moja.
"Kumi na mbili!" nikamwambia, nikihema.
"Mie nimezivunja tangu alasiri," akasema.
"Zalia ka. Shika huko."